Nakwenda Indiana kuchukua motohomu mpya: nibebe nini, niache nini?

Mnachingwea (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Baada ya kuzungushana sana na benki, mimi na mama watoto tumepata motohomu yetu (gari lenye nyumba ndani). Ni mpya, ile aina ya Class C yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva. Imejengwa juu ya Ford E-450, urefu futi 28, ubavu mmoja wa sebule unachomoza nje ukibonyeza kitufe, umeme wake ni wa amp 30. Sisi tunaishi Columbus, Ohio. Yadi ipo Indiana, maeneo ya Elkhart, huko huko zinakotengenezwa. Alhamisi ya wiki ijayo tunaifuata na gari letu dogo, kurudi mimi naendesha motohomu na yeye ananifuata nyuma.

Tatizo limeanza kwenye kufungasha. Sebuleni hapapitiki: mabegi, mashuka, sufuria seti mbili, jiko la mkaa, mbuzi ya nazi, baiskeli za watoto, mpaka mapazia ya kubadilisha. Mama watoto anataka tukishakabidhiwa tuunganishe moja kwa moja hadi Ziwa Erie kwa kuwa watoto wamefunga shule. Mimi roho inasita ila sina hoja ya kumpinga. Mliowahi kukabidhiwa gari jipya la hivi, siku ile mlibeba nini? Na yadi niwaambie nini kabla sijafika?

chapati_maji

Hongera sana mkuu. Nakaa siti ya mbele, wataalamu waje.

Mzee wa Kitonga

Mnachingwea, hongera. Mimi naendesha malori huku, na motohomu nimeshamiliki zaidi ya moja. Sijaona iliyotoka yadi bila kasoro, na silaumu mtu. Hii ni nyumba inayotikiswa barabarani: ina mabomba, gesi, injini, umeme wa betri na umeme wa ukutani, na kila kimoja kimefungwa na mtu wake. Kwa hiyo hoja ya kumpa shemeji ni hii: Alhamisi si siku ya safari, ni siku ya ukaguzi. Fungasha vya kukagulia tu. Baiskeli na mapazia vina siku yake.

Anza na simu, tena kesho, usingoje Jumatano. Waambie unataka ukute betri zimejaa chaji, gesi imejazwa (tenki hujazwa asilimia 80 tu, kwa hiyo mshale usipofika mwisho usigombe), friji imewashwa tangu jana yake, na maji yanapita kwenye mabomba. Hilo la maji ndilo watakalokwepa. Huko baridi haijaisha, na magari yanayolala nje mabomba yake hujazwa ile dawa ya rangi ya waridi inayozuia kuganda. Watakuambia utaitoa mwenyewe nyumbani. Kataa. Gari ambalo halijapitishwa maji hujui kama linavuja. Usiku ukiwa wa barafu, dawa inarudishwa baada ya ukaguzi, haichukui muda.

Omba miadi ya asubuhi, siku ya kazi. Jumamosi mafundi hawapo, na anayekutembeza ni kijana wa mauzo ambaye na yeye anasoma maelezo kwenye kibandiko.

Sasa vitu vya kubeba. Tochi. Tepu ya bluu ya mafundi rangi, kila penye kasoro unabandika kipande, unapiga picha. Pima maji kama wanayotumia mafundi wa ujenzi. Kipimo cha upepo wa tairi kinachofika psi 100, kile cha gari dogo hakitoshi. Kile kidude cha taa tatu cha kupima soketi. Viatu vya raba vyenye soli laini, maana lazima upande juu ya paa (uliza kwanza kama paa lako linakanyagika). Na simu yenye nafasi ya kutosha: mrekodi video huyo anayekuelekeza tangu mwanzo hadi mwisho. Atasema mambo mengi kwa saa mbili tatu na usiku ule ule utakuwa umesahau nusu.

Kingine watakucheka, lakini beba: sufuria moja, unga wa uji, taulo na sabuni. Pikeni uji humo ndani na mtu mmoja aoge humo humo, yadini. Ndiyo, yadini. Jiko likiwaka dakika mbili halijathibitisha kitu. Mtu akioga utajua kama maji ya moto yapo, kama bafu linapitisha maji, na kama chini ya kabati kunalowa.

Kuna kipimo kimoja cha bure. Washa pampu ya maji, funga bomba zote, kisha kaeni kimya dakika kumi. Pampu ikikoroma yenyewe, kuna mahali maji yanatoka. Na kabla hamjawasha hita ya maji kwa umeme, fungua bomba la moto hadi maji yatoke mfululizo bila kukohoa. Hita ikiwashwa tenki likiwa tupu, kile chuma cha kuchemshia kinaungua hapo hapo. Baada ya majira ya baridi hita huwa imefungiwa njia na valvu nyuma yake, kwa hiyo waulize valvu ipo upande gani, na wakuoneshe, si wakueleze.

Nitarudi kuhusu uzito na barabara. Kuna mzigo nashusha.

Mkazi wa Kigamboni

Mkuu samahani, hiyo hela si ungejenga?

Mnachingwea

Nimeshajenga.

chapati_maji

😂😂 uzi uendelee.

BintiPangani

Shemeji yetu mwacheni na sufuria zake jamani, ila apunguze. Mimi nipo Minnesota, tunayo ya kwetu, na ngoja niongee upande ambao wanaume huwa wanauruka: maji safi, maji machafu na jiko.

Maji safi kwanza. Nunueni mpira wa maji ulioandikwa ni wa maji ya kunywa, huwa mweupe au wa bluu. Ule wa kijani wa bustani unatoa ladha ya plastiki na haukukusudiwa kunyweka. Mnahitaji na kipunguza presha cha kufunga kwenye bomba la kambi (uwanja wa kulaza motohomu), kwa sababu kambi nyingine maji yake yanasukuma mno na mabomba ya motohomu hayajazoea, psi 40 mpaka 60 inatosha kabisa. Gari likiwa jipya usinywe maji ya tenki kabla hujalisafisha kwa Jik (huku inaitwa bleach, chukueni isiyo na manukato). Robo kikombe kwa kila galoni 15 za tenki, ichanganye na maji kwanza, jaza tenki, fungulia kila bomba hadi usikie harufu, acha usiku kucha, kisha mwaga na suuza mpaka harufu iishe. Hiyo ni kazi ya nyumbani baada ya kurudi, kwa hiyo Alhamisi bebeni maji ya kunywa ya dukani.

Upande wa choo: glavu za kutupa boksi zima, bomba la kumwagia la inchi 3 (lililokuja na gari, kama lipo, huwa jepesi sana, nunueni la maana), na ile kona ya plastiki inayoonesha ndani ili ujue maji yameanza kutoka meupe. Anza na tenki la choo, halafu ndiyo umwage la maji ya sinki na bafu, yasafishe bomba. Na valvu ya tenki la choo msiiache wazi eti kwa sababu mmeunganishwa kwenye shimo la maji machafu la kambi. Maji yatatoka, uchafu utabaki chini na kugeuka saruji. Kabla ya kutumia choo mara ya kwanza mwaga humo galoni kadhaa za maji na dawa yake.

Hapa sisi watu wa kopo tuna bahati. Wenzetu wanaobana maji na kutumia karatasi nyingi ndio tenki linawaziba. Ubaya wake ni kwamba mkilala porini pasipo na shimo, tenki linajaa mapema kuliko kitabu kinavyosema. Panga siku zenu kwa hesabu hiyo. Kopo lenyewe chagueni lenye mfuniko, gari likitembea lisirukeruke.

Jikoni: sufuria zinazoingiana, vifuniko viwili, sinia moja, vikombe vya plastiki, kisu, mwiko. Mbuzi ya nazi iache mama, nunua tui la kopo, pale ndani hamna pa kukalia mbuzi. Jiko la mkaa linafaa sana nje, lakini angalia tangazo la moto la kambi, wakati wa ukame hufungwa kabisa. Ndani ya gari mkaa usiingie hata uliozimika. Na tandikeni zile nyavu za mpira kwenye makabati yote, la sivyo kila kona ni kengele.

Mnachingwea

Aisee, ahsante dada. Nimemsomea mama watoto, mbuzi ya nazi imetoka kwenye orodha baada ya mjadala mrefu. Swali jingine: umeme wa amp 30 maana yake nini kwenye matumizi? Na nyumbani nataka kuweka soketi yake gereji.

Voltimita

Hapa ndipo naingia mimi. Amp 30 kwa volti 120 ni wati 3,600, basi, hakuna zaidi. Kiyoyozi cha paa peke yake kinakula kama amp 13 kikiwa kinazunguka, maikrowevu nayo kiasi hicho hicho, na hita ya maji ikiwa kwenye umeme karibu 12. Vitatu pamoja, breka inaruka. Unachofanya: hita ipeleke kwenye gesi, kiyoyozi kikiwaka maikrowevu isubiri. Mtazoea.

Beba adapta ya kutoka 30 kwenda soketi ya kawaida ya nyumbani, na nyingine ya kuchomeka kwenye nguzo ya umeme ya kambi ya amp 50. Nunua na kifaa cha kulinda umeme, ile frijigadi tuliyokuwa nayo nyumbani, ila hii inalinda gari zima. Chukua kinachokata umeme ukipungua pia, usichukue cha kuzuia radi tu. Kambi za zamani wakati wa joto kila mtu akiwasha kiyoyozi, volti zinashuka na kompresa ndiyo inayoumia. Kifaa kichomeke kwenye nguzo kwanza, kikikubali ndipo uunganishe gari.

Kuhusu soketi ya gereji, soma hapa mara mbili. Fundi umeme wa majumbani akisikia "amp 30" anawaza soketi ya mashine ya kukaushia nguo, ambayo ni volti 240. Ya motohomu ni volti 120, inaitwa TT-30. Kuna watu wameunguza maikrowevu, chaja ya betri na televisheni kwa pamoja siku ya kwanza kwa sababu hiyo. Mwandikie fundi kwenye karatasi, na akimaliza pima kwa mita kabla hujachomeka kitu.

Mzenji wa Leicester

Assalaam alaykum. Mie niko Uingereza, mambo mengi yafanana ila huku shida yetu ni uzito. Leseni ya gari ya kawaida kwa aliyefaulu kuanzia Januari 1997 inaishia kilo 3,500, na motohomu nyingi zimetengenezwa zikomee hapo hapo. Gari tupu tayari limekaribia mpaka. Ukitia watu wanne, maji, gesi, hema la ubavuni na baiskeli, ushapita, na polisi wakikupima ni faini. Kwa hivyo sie tukienda kuchukua gari, la kwanza tunasoma ile karatasi ya uzito, ndo tunajua tubebe nini. Nyie huko Marekani mwajali hayo?

Mzee wa Kitonga

Mzenji, leseni haitusumbui, Ohio ya kawaida inatosha kwa gari kama la Mnachingwea. Ila tairi na breki hazisomi leseni, kwa hiyo uzito ni ule ule.

Mleta uzi, E-450 yako ukomo wake wote ni ratili 14,500, yaani kama kilo 6,580, gari, watu na kila kitu. Mlangoni kuna kibandiko cha njano kinachosema watu na mizigo visizidi kiasi gani, na kinataja pia tenki la maji likijaa lina uzito gani, maana maji ni mzigo. Galoni 40 ni kilo 150 na ushee, sawa na watu wazima wawili ambao hukuwahesabu. Kipige picha kibandiko hicho kabla hujasaini. Nimewahi kuona gari zuri la familia ya watu sita ambalo wakishaketi wote, hakijabaki cha kubebea hata kreti ya soda. Kisha ukipita kituo cha malori ingia kwenye mizani ya CAT Scale. Ni hela ndogo na unapata karatasi ya ekseli ya mbele na ya nyuma.

Tairi: ukitazama namba za DOT ubavuni, nne za mwisho ni wiki na mwaka zilipotengenezwa. Gari likiitwa jipya na tairi zina miaka mitatu, lina maana limekaa sana. Pima upepo zikiwa baridi, na usisahau tairi za ndani kule nyuma, zinahitaji valvu ndefu kufikika. Nati za magurudumu zikazwe tena baada ya maili 50 hivi, kwa spana yenye kipimo, siyo kwa kukanyaga.

Urefu kwenda juu: pima mwenyewe kwa futi kamba, kuanzia chini hadi juu ya kiyoyozi, ongeza inchi kadhaa, andika kwa kalamu nene na ubandike mbele ya usukani. Class C nyingi zinacheza kati ya futi 11 na 12. Kule Durham, North Carolina, kuna daraja la reli lililokuwa la futi 11 na inchi 8, lilichuna mapaa miaka na miaka hadi wakaliinua mwaka 2019, na bado wapo wanaoligusa. Ramani ya simu yako inadhani una Corolla. Na nyuma ya ekseli una mkia mrefu: ukikata kulia, mkia unafagia kushoto. Ukitoka yadini zunguka kwanza kwenye uwanja mtupu mpaka uzoee, shemeji asimame nje akutazamie.

Jenereta nalo liwashwe, liendeshe kiyoyozi nusu saa, siyo kuungurumishwa tu. Linanyonya petroli kwenye tenki la gari na hukatika likibaki kama robo, kwa hiyo likikugomea usiku tazama mshale kwanza kabla hujamwita fundi.

Buda wa Umoja

Niaje wasee. Hii kitu naweza kuleta Nairobi? Nikipaki Naivasha hapo kila wikendi.

Voltimita

Buda, ya Marekani usukani uko kushoto, na Kenya wanataka wa kulia, gari lisizidi miaka minane. Na vifaa vyote ndani ni volti 120, hezi 60. Tafuta Land Cruiser uweke hema juu, utafika hata Turkana.

BintiPangani

Nina swali moja kwa Mzee wa Kitonga. Usiku wa kwanza walale wapi? Mimi nasema walale hapo hapo yadini au kambi ya jirani. Yadi nyingine zina nafasi zenye umeme na maji kwa wateja, ukiomba wanakupa. Usiku ndiyo hita ya hewa inafanya kazi kweli, ndiyo unajua betri inashika chaji, ndiyo king'ora cha kaboni monoksidi (hewa ya sumu isiyo na harufu) kinalia saa nane kwa sababu kimefungwa vibaya. Asubuhi unakunywa chai unaingia ofisini na orodha yako.

Mzee wa Kitonga

Nakubali, ila kwa sharti moja: walale kabla ya kusaini. Ukishasaini na hela ya benki ikaingia, orodha yako inakwenda mwisho wa foleni ya mafundi, na majira ya chemchemi foleni ni ndefu. Wasipokubali mlale kabla, basi kila kasoro iandikwe kwenye karatasi, meneja aweke sahihi na tarehe ya kumaliza. Neno "warranti itashughulikia" lisikulaze. Injini na chasisi ni ya Ford, miaka 3 au maili 36,000 kwa jumla (injini na gia miaka 5 au maili 60,000), unapeleka kwa Ford wanaopokea gari kubwa. Nyumba ni ya mjenzi, mara nyingi mwaka mmoja. Friji, hita, kiyoyozi, kila kimoja na kampuni yake na karatasi yake ya kusajili. Hakikisha namba ya chasisi inafanana kwenye hati zote, ufunguo wa pili upo, na bahasha ya vitabu ipo.

Watoto wakichoka kusubiri, pale Elkhart kuna makumbusho ya hizi gari. Kuna trela la mwaka 1913 na Chevrolet ya 1931 aliyotengenezewa Mae West. Mimi hufika pale hata bila sababu.

Mnachingwea

Wakuu, mrejesho. Nimepiga simu. Maji wamekubali kuyaweka baada ya kubishana kidogo, friji wataiwasha Jumatano, na Alhamisi usiku tunalala uwanjani kwao kwenye nguzo ya umeme, kusaini ni Ijumaa. Mama watoto amekubali Ziwa Erie isubiri wiki moja, kwa masharti kwamba mapazia yake yanakwenda. Baiskeli zimerudi gereji. Kwenye gari dogo sasa kuna mablanketi, vifaa vya ukaguzi, mpira wa maji, glavu, kabari za tairi, sufuria na unga.

BintiPangani

Mapazia hayana uzito, mwache 😄. Bima je? Hawatakuachia utoke getini bila karatasi ya bima yenye namba ya chasisi ya gari lenyewe. Ile ya gari dogo haihamii.

Mnachingwea

Duh. Nawapigia asubuhi wakifungua tu.